Simba wa Miletos, jodari wa Kyzikos au nanga ya Apollonia: uanze na ipi?

Anayetaka sarafu yake ya kwanza ya Ugiriki ya kale kwa kawaida huulizia sarafu ya bundi ya Athens, ile nene ya drakma nne. Akitajiwa bei, mamia ya dola, hukata tamaa, au huishia kununua nakala inayong'aa kutoka duka la watalii. Hakuna haja. Fedha halisi, iliyogongwa kwa nyundo miaka 2,400 au 2,500 iliyopita, inapatikana kwa chini ya dola 100. Sharti lake ni moja tu: uukubali udogo.

Nalinganisha hapa tatu ambazo hazikosekani kwenye minada ya sarafu za kale: sehemu ya 12 ya stateri (sarafu kubwa ya enzi hizo) kutoka Miletos, oboli (sarafu ndogo ya chenji) ya Kyzikos, na drakma ya Apollonia Pontika. Kuna sababu ya kuziweka pamoja. Miletos ni mama. Kyzikos kwenye Bahari ya Marmara na Apollonia kwenye Bahari Nyeusi ni miji iliyoanzishwa na wahamiaji wake. Ni ukoo mmoja wa watu wa bahari, lakini kwa mnunuzi kila mmoja una mitego yake.

| | Miletos | Kyzikos | Apollonia |
|---|---|---|---|
| Uzito | gramu 1.0–1.2 | gramu 0.8 hivi | gramu 2.5–3.4 |
| Upana | mm 9–11 | mm 9–11 | mm 13–15 |
| Upande mmoja | kifua na kichwa cha simba | nguruwe mwitu na jodari | nanga, kamba (wa kuliwa), herufi A |
| Upande wa pili | nyota au ua | kichwa cha simba | uso wa Gorgo |
| Wakati | takriban 525–475 KK | mwisho wa karne ya 6 na karne ya 5 KK | karne ya 5 na ya 4 KK |
| Mahali leo | Uturuki | Uturuki | Sozopol, Bulgaria |

Milimita 10 ni ukubwa wa punje ya hindi iliyoshiba. Picha za minadani hujaza skrini nzima ya simu, na wengi hushtuka wakifungua bahasha. Kabla hujanunua chochote, chora duara la milimita 10 kwenye karatasi ulitazame. Kama linakukera, ruka moja kwa moja hadi Apollonia.

Miletos

Msomaji wa Biblia anaujua mji huu: ndio Mileto, aliposimama Paulo safarini na kuwaita wazee wa kanisa la Efeso ili awaage, katika Matendo sura ya 20. Sarafu ninayoizungumzia ilikuwa tayari na zaidi ya miaka 500 siku hiyo. Ni ya Miletos ya zamani zaidi, mji wa mwanafalsafa Thales, ambao ulikuwa tajiri kuliko majirani zake wote wa Ionia. Mwaka 499 KK mtawala wake Aristagoras aliwasha uasi wa Wagiriki wa Ionia dhidi ya Uajemi. Mwaka 494 KK, baada ya Wagiriki kushindwa kwenye vita vya majini vya Lade, Waajemi waliuteka mji na kuuangamiza. Sarafu za simba ni za miongo hiyo. Hata bahari imeukimbia mji: tope la mto Maeander, ambao leo unaitwa Büyük Menderes, limeijaza ghuba, na magofu ya mji wa bandari nne sasa yako bara. Simba wawili wa marumaru walioulinda mlango wa bandari mojawapo bado wako palepale.

Kwenye sarafu simba hutazama kushoto au kulia, na mara nyingine mwili unaelekea upande mmoja na kichwa kimegeuka nyuma. Huyo wa kichwa kilichogeuka ndiye ninayempenda, kwa sababu mchongaji alilazimika kuibana shingo na manyoya yake yote kwenye nafasi isiyowatosha. Upande wa pili kuna nyota, au ua, ndani ya mraba uliobonyea.

Mraba huo unahitaji maelezo, maana unagusa mfuko wako. Fundi aliweka muhuri wenye simba kwenye fuawe, akalaza juu yake kidonge cha fedha, akasimamisha juu ya kidonge muhuri wa pili wenye ncha ya mraba, akapiga nyundo. Ncha ile ilizama kwenye fedha na kuacha picha yake ndani ya shimo. Vidole vya watu viliisugua sarafu kwa miaka, lakini nyota iliyo shimoni haikuguswa sana. Kwa hiyo nyota ya Miletos karibu kila mara ni nzuri, na muuzaji anayeisifia nyota anasifia kitu cha bure. Fedha yako ilipie simba.

Na simba huyo hukatwa. Muhuri mara nyingi ulikuwa mpana kuliko kidonge, hivyo unapata pua bila manyoya ya shingo au manyoya bila pua. Mimi hudai jicho na taya. Mguu na manyoya naweza kuvisamehe. Kwa kuwa sarafu hizi ni nyingi sana sokoni, usikubali simba asiye na uso kwa kisingizio kwamba ni ya kale. Subiri mnada unaofuata, atakuwepo mwingine. Kwa bei za miaka hii, dola 50 hadi 150 zinatosha kumpata mwenye sura kamili.

Jambo dogo kuhusu majina. Muuzaji mmoja ataiita sehemu ya 12 ya stateri, wa pili oboli mbili, wa tatu oboli. Usidhani ni sarafu tatu. Angalia uzito. Na usishangae ukikuta simba na nyota vilevile vikiuzwa chini ya jina la Hekatomnos, liwali wa jimbo la Caria chini ya Waajemi (392–377 KK) na baba yake Mausolos, yule wa kaburi maarufu la Halikarnassos. Aliitwaa nembo ya Miletos zaidi ya karne moja baadaye. Baadhi ya sarafu zake zina herufi EKA. Ukiziona herufi hizo kwenye sarafu iliyoandikiwa Miletos, nunua kimyakimya.

Kyzikos

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, basi chukua maneno yangu kwa tahadhari hiyo.

Kyzikos ulikuwa kwenye shingo ya rasi, pwani ya kusini ya Marmara, karibu na Erdek ya leo. Makundi ya jodari yalipita mbele ya mji huo yakihama kati ya Bahari Nyeusi na Aegean, na mji ulitajirika kwa samaki na kwa meli zilizopita njia hiyohiyo. Ukamfanya jodari kuwa nembo. Sarafu zake kubwa za elektramu, yaani mchanganyiko wa dhahabu na fedha, zilibadilishwa picha mara kwa mara, leo mungu, kesho mnyama, lakini jodari hakuondolewa hata mara moja, na wafanyabiashara wa Bahari Nyeusi walizipokea bila kubisha. Oboli ya fedha ni chenji ya mji uleule. Upande mmoja kifua na kichwa cha nguruwe mwitu, na mgongoni kwake jodari amesimama wima. Upande wa pili kichwa cha simba, kinywa wazi, ndani ya mraba uliobonyea. Wanyama watatu kwenye gramu 0.8! Miletos inakupa mmoja na pambo.

Ina pia nusu yake, gramu 0.4 hivi, yenye picha zilezile. Wauzaji huisukuma kwa sababu bei yake ni ya chini. Usianze nayo. Inapotea kwenye zulia, na bila lenzi humtofautishi nguruwe na simba. Tofauti ya dola 20 au 30 kati ya nusu na oboli kamili ndiyo fedha utakayoifurahia kuliko zote.

Unapochagua oboli ya Kyzikos, mtafute jodari kwanza. Yeye ndiye anayeangukia nje ya kidonge mara nyingi zaidi, kwa kuwa amechongwa ukingoni, na wauzaji hawapunguzi bei ya kutosha kwa sarafu iliyomkosa. Bila jodari umebaki na nguruwe asiye na mji. Kichwa cha simba upande wa pili, kama nyota ya Miletos, kimehifadhiwa na shimo lake na mara nyingi ndicho chenye uhai kuliko vyote: unaona meno na ulimi. Baadhi zina herufi K iliyogeuzwa juu ya simba, nyingine zina nyota ndogo. Bei ni karibu na ile ya Miletos, mara nyingi chini kidogo.

Thamani yake enzi hizo? Kila mji ulikuwa na kipimo chake cha uzito, lakini Athens inatupa picha. Oboli 6 zilifanya drakma moja. Mzee wa baraza la mahakama alilipwa oboli 2 kwa siku tangu enzi za Perikles, baadaye 3, na fundi aliyejenga hekalu la Erechtheion miaka ya 409 hadi 407 KK alipata drakma moja kwa siku. Na watu walibeba chenji hizi mdomoni, chini ya ulimi au kwenye shavu, wakienda sokoni. Mwaka 410 KK meli za Athens chini ya Alkibiades zililivunja jeshi la majini la Sparta mbele ya Kyzikos, na barua ya Wasparta kwenda nyumbani ilinaswa. Ilisema, kwa ufupi wao wa kawaida: meli zimepotea, Mindaros amekufa, watu wana njaa, hatujui la kufanya. Mindaros ndiye aliyekuwa jemadari wao.

Kasoro ya Kyzikos kwa baadhi yetu ni huyo nguruwe. Kama unanunua zawadi ya baba mkwe wa Lamu au Unguja, mpe simba wa Miletos, uepushe mjadala.

Apollonia

Kwa macho tu, hii ndiyo mshindi, sibishi. Nanga kubwa yenye ndoana zake imekaa sawasawa katikati, kamba, yule wa kuliwa, si wa kufungia, upande mmoja, herufi A upande mwingine. Geuza, na Gorgo, ambaye hadithi humwita Medusa, anakutazama uso kwa uso: mashavu mapana, ulimi nje, nyoka kichwani. Uso huo ulichorwa kwenye ngao na milango ili kufukuza mabaya. Ni kubwa vya kutosha kuonekana bila lenzi, na inapendeza hata shingoni kwenye mkufu, ingawa sishauri mtu aitoboe wala kuichomelea. Mji wenyewe ulianzishwa karibu 610 KK na ulikuwa na sanamu kubwa mno ya shaba ya Apollo, kazi ya Kalamis, ambayo jemadari wa Kirumi Lucullus aliibeba hadi Roma mwaka 72 KK.

Tatizo la Apollonia ni uaminifu. Hakuna eneo la sarafu za Kigiriki lililoharibiwa na waghushi kama pwani ya magharibi ya Bahari Nyeusi. Mwaka 1988 soko lilianza kufurika sarafu za oboli mbili za Apollonia na za jirani yake Mesembria, zote safi, zikasemwa zimetoka kwenye hazina moja iliyofukuliwa. Wataalamu walibishana kwa miaka, na hatimaye zilihukumiwa kuwa za kughushi. Ubaya wake ni kwamba hazikumiminwa kwenye kalibu. Sarafu ya kumimina unaweza kuikamata: ina mstari wa mshono ukingoni, vitundu vya hewa, na picha laini kana kwamba imepakwa sabuni. Hizi ziligongwa kwa mihuri, zikapasuka kingo kama za kale. Dalili kuu ni kufanana: ukikuta sarafu mbili zenye ufa uleule, mahali palepale, kwenye kingo zinazolingana, zikimbie zote mbili.

Drakma za nanga halisi zipo, tena nyingi. Lakini mimi siinunui bila karatasi inayoonyesha ilikuwa kwenye mnada au mkusanyiko unaojulikana miaka mingi nyuma, na karatasi hiyo huongeza bei. Hapo ndipo Apollonia inapoacha kuwa nafuu. Ya kawaida huanza dola 100 na kupanda; yenye historia safi hupanda haraka zaidi.

Kuna dada wa nne, Istros wa Romania ya leo, mwenye sarafu ya ajabu: nyuso mbili za wanaume kando kwa kando, moja kichwa chini miguu juu, na nyuma tai akimdonoa pomboo. Wengine husema ni mapacha wa kimungu, wengine mto Danube unaotiririka huku na kule. Ni nzito mno kuingia kwenye kundi hili, mara nyingi zaidi ya gramu 5, na waghushi wanaipenda vilevile.

Karatasi, sheria na forodha

Suala la asili ya sarafu si la Apollonia peke yake. Miletos na Kyzikos ni ardhi ya Uturuki, na huko mali ya kale iliyotoka ardhini ni ya serikali. Kuitoa nchini ni kosa la jinai. Nawaambia hasa wafanyabiashara wanaokwenda Istanbul kuchukua nguo na kupita kwenye magofu kwa matembezi: kijana anayekunong'oneza kwamba ana sarafu mfukoni ana moja kati ya vitu viwili, bandia au kesi. Mwenye kununua akiwa Marekani ajue pia kwamba nchi hiyo ina makubaliano ya kuzuia uingizaji wa vitu vya kale, sarafu zikiwemo, na Bulgaria tangu 2014 na Uturuki tangu 2021. Muulize muuzaji swali moja kwa maandishi: sarafu hii ilikuwa wapi kabla ya kufika kwako, na una ushahidi gani? Muuzaji mzuri anajibu siku hiyohiyo. Anayekasirika amekuokolea fedha.

Kama hoja hiyo inaonekana ya mbali, fikiria hazina ya Mtambwe Mkuu, Pemba, iliyopatikana mwaka 1984: zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha zenye majina ya watawala wa pwani yetu. Zilikaa pamoja, ndiyo maana zilitufundisha kitu. Zingeuzwa moja moja kwenye intaneti, leo zingekuwa vipande vya fedha visivyo na habari.

Kuhusu usafirishaji, piga hesabu yote kabla ya kunyanyua mkono mnadani. Nyumba nyingi za mnada huongeza kamisheni ya mnunuzi, mara nyingi karibu asilimia 20, na bahasha ya kusajiliwa hadi Dar es Salaam au Nairobi inaweza kulingana na bei ya oboli yenyewe. Hapo Kyzikos ya dola 60 inakuwa ya 130 hivi. Kununua mbili au tatu kwa muuzaji mmoja ndiyo njia ya kuigawa gharama hiyo. Mwombe aandike kwenye fomu ya forodha msimbo 9705, unaohusu vitu vya mkusanyiko na vya kihistoria, pamoja na bei ya kweli.

Basi ipi?

Kama ni moja tu, na nguruwe hakusumbui: oboli ya Kyzikos yenye jodari mzima. Kama ni zawadi, au unataka hadithi ambayo msikilizaji yeyote ataishika kwa dakika moja, Miletos. Apollonia iache iwe ya tatu, ukishajua kusoma kingo na kumjua muuzaji. Anayeona vibaya kwa karibu anaweza kuanza nayo, lakini anunue kwa nyumba ya mnada inayorudisha fedha wakati wowote sarafu ikithibitika bandia, na awe na sharti hilo kwa maandishi.

Ikishafika, ipime. Mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01 na lenzi ya kukuza mara 10 zitakutosha. Linganisha uzito na ule uliotangazwa; ikitofautiana zaidi ya kosa dogo la mizani, huenda hiyo siyo sarafu uliyoiona kwenye picha. Weusi ulio juu yake usiuguse kwa ndimu, majivu wala dawa ya meno. Fedha iliyokaa ardhini karne 25 mara nyingine huwa tete ndani kama kioo, na sarafu ya gramu 0.8 inaweza kuvunjika kati ya vidole viwili. Usiitie kwenye mfuko wa plastiki ya PVC, kwa kuwa baada ya muda hutoa utando wa kijani unaoula uso wa fedha. Bahasha ndogo ya karatasi isiyo na asidi ni bora, na juu yake andika mji, uzito, jina la muuzaji, tarehe na namba ya mnada, kwa kalamu ya risasi.